Wanamwogopa mnyoo wa kwenye bido, wanamwacha wa mtoni

KASONGO, kusini mwa Maniema – Mama akifungua bido la maji asubuhi na kukuta kidudu chekundu kinajikunja chini, habari inazunguka avenyu nzima kabla jua halijapanda. Wengine wanasema chemchemi imetiwa sumu. Wengine wanasema ni uchawi. Wengine, na hawa ndio wanaoharibu zaidi, wananyosha kidole kwa familia zilizohama vita na kufikia jirani: "Tangu hawa wafike, maji yana minyoo." Ikifika saa sita, muuza kinini amekwisha kupita nyumba kwa nyumba. Jioni kijana mmoja anatumwa kumwaga dawa ndani ya chemchemi.

Katika purukushani hiyo yote kuna swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza: huyu ni mnyoo gani?

Kutouliza kunagharimu. Kunamaliza pesa za familia ambazo tayari hazina pesa, kunaharibu maji ya watu wote, na kunagombanisha wakaaji na wageni wao. Kibaya kuliko yote, wakati kartye nzima inapigana na mdudu wa kwenye bido, mnyoo mwingine anaendelea kuingia kila siku katika miili ya watu wa Kasongo na Kabambare. Huyo hana kelele, na hakuna anayemwona.

Wanaoonekana

Kumtambua mdudu wa kwenye maji hakuhitaji daktari. Mtu achote maji ndani ya glasi au chupa isiyo na rangi, aiweke mwangani, aangalie kwa dakika tano bila haraka. Mara nyingi atakuta mmoja kati ya hawa.

Chekundu, chembamba kama uzi, kinachojikunja na kujikunjua kama namba nane: huyo ni mtoto wa mdudu mdogo anayefanana na mbu lakini haumi watu. Wekundu wake unamsaidia kuishi ndani ya matope yenye hewa kidogo. Haishi tumboni mwa mtu. Akionekana ndani ya bido, anasema jambo moja tu: bido lina matope, au lilikaa wazi.

Chenye kichwa kikubwa, kinachoning'inia chini ya uso wa maji na kuzama kwa kurukaruka kikistuliwa: huyo ni kiluwiluwi, mtoto wa mbu. Tatizo lake linakuja siku chache baadaye, akiota mabawa na kuanza kuuma. Anayeacha maji wazi anafuga mbu wake mwenyewe.

Kirefu na chembamba kama unywele, pengine kupita urefu wa kiganja: huyo alikulia ndani ya panzi au nyenje, kisha akatoka na kwenda majini. Wanawake wengi wakimwona wanakimbia, lakini hana kazi na mwili wa mtu.

Ruba ni jambo jingine. Huyo ananyonya damu kweli, na mtoto anayeinama kunywa moja kwa moja kwenye kijito anaweza kumpata puani au kooni. Dawa yake ni kutokunywa kwa kuinama na kuchuja maji kwa kitambaa safi.

Kwa hawa wote kazi ni ile ile: kumwaga maji, kusugua bido kwa sabuni na mchanga mpaka utelezi wa ndani uishe, kuchuja maji mapya, kuyachemsha, na kufunika. Penye klorini ya kutia kwenye maji ya kunywa, itiwe ndani ya bido kwa kipimo kilichoandikwa. Kazi hiyo inamalizika nyumbani, na chemchemi haihitaji kuguswa.

Anayemwaga sumu kwenye chemchemi

Sasa inafaa kusema wazi juu ya wale wanaomwaga petroli, au dawa ya kuua wadudu wa shambani, ndani ya chemchemi ili "kusafisha". Hao hawasafishi kitu. Maji ya chemchemi yanatembea. Sumu iliyomwagwa asubuhi inateremka kwa wanaochota chini, na hapo juu maji mapya yanaendelea kutoka. Vyura na samaki wadogo wanakufa na kuoza, na maji yananuka kuliko mwanzo. Mtoto aliyekunywa sumu ya shambani anaugua siku ile ile, na mdudu mwekundu aliyekuwa analaumiwa hajawahi kumlaza mtu.

Kosa hili liko hata mbali sana na Maniema. Ng'ambo kuna watu wanaofuga samaki wa bahari ndani ya sanduku kubwa la kioo, pamoja na matumbawe, viumbe vya baharini ambavyo mtu angedhani ni mawe. Minyoo inaingia humo imejificha ndani ya mawe yaliyotolewa baharini. Mfugaji mgeni akiwasha taa usiku na kuona mnyoo mwenye manyoya ubavuni, anashikwa na hofu, anatia dawa ya kuua yote. Kumbe wengi wa minyoo hiyo ndio wafagiaji wa sanduku: wanakula mabaki ya chakula cha samaki. Ikifa yote kwa siku moja inaoza, maji yanaharibika, na samaki aliyetaka kuwaokoa wanakufa. Wafugaji wazoefu wana kanuni: kwanza mtoe mmoja, mwangalie kwa lenzi, ujue jina lake na chakula chake, halafu ndipo uamue. Kama watu wanafanya hivyo kwa ajili ya samaki wa mapambo, je, chemchemi inayonywesha watoto wa kartye nzima haistahili angalau hayo?

Asiyeonekana

Mnyoo wa kuogopwa ni yule ambaye glasi haimwonyeshi. Ugonjwa wake wauguzi wanauita bilariziozi, na Kiswahili cha pwani kinauita kichocho. Minyoo yake ilitambuliwa mwaka 1851 mjini Kairo na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, na ugonjwa ukachukua jina lake. Maniema si mgeni kwake. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti walifanya kazi juu ya ugonjwa huu katika maeneo ya migodi ya Maniema, kwa sababu ulikuwa umejaa.

Safari yake ni hii. Mtu mgonjwa anakwenda haja kubwa mtoni au kando ya mto. Mayai ya mnyoo yanaingia majini na kuanguliwa. Kinachotoka kinatafuta konokono mdogo wa majini, yule bapa anayeshikilia majani na vijiti mahali maji yanapotulia. Ndani ya konokono kinaongezeka, na baada ya wiki chache konokono mmoja anaweza kutoa maelfu ya vimelea ambavyo jicho halivioni.

Vinatoka mchana, jua likiwa kali. Ndiyo saa ambayo mama wanafua, watoto wanaogelea, wachimbaji wa dhahabu wamesimama ndani ya maji mpaka magoti, na wanawake wanaloweka mihogo kijitoni. Vimelea havingoji mtu anywe. Vinapenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Kwa hiyo mama aliyechemsha maji yake ya kunywa kwa uaminifu wote anaweza kuwa ameupata ugonjwa pale pale alipokwenda kuyachota.

Mwilini minyoo inakaa ndani ya mishipa ya damu inayozunguka matumbo, dume na jike pamoja, kwa miaka. Jike anataga mamia ya mayai kwa siku. Mengine yanatoka na choo, mengine yananasa ndani ya utumbo na ini, na hapo ndipo ugonjwa unapojengeka. Mwanzoni ni tumbo kuuma na kuhara, wakati mwingine na damu. Mtoto anapungukiwa damu, anadumaa, anasinzia darasani. Miaka ikipita ini na bandama vinavimba, tumbo linajaa maji, na siku moja mtu mzima anatapika damu. Kijijini watasema amelishwa sumu, na jirani mmoja mzee ataanza kuangaliwa vibaya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu amepita hata nguo, yuko ndani ya damu.

Kinini kimoja kwa minyoo yote

Hapa ndipo biashara ya sokoni inapowaibia watu. Mwenye tumbo linalouma anapewa kinini cha minyoo, mara nyingi mebendazoli au albendazoli, na kuambiwa: "Hii inaua yote." Si kweli. Dawa hizo ni nzuri kwa minyoo ya matumbo: ule mrefu mweupe ambao watoto wanautoa kwa choo, na ule mdogo unaoingia kwa nyayo za miguu mitupu. Kwa mnyoo wa bilariziozi anayekaa ndani ya mishipa ya damu, dawa hizo haziponyi. Mgonjwa anameza, anaona minyoo ya matumbo imetoka, anashangilia kwamba amepona. Yule mwingine anaendelea kutaga.

Dawa ya bilariziozi ni prazikwanteli, na inatolewa kwa kipimo cha uzito wa mtu: miligramu 40 kwa kila kilo moja. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, yaani vinini vinne vya miligramu 600, pamoja na chakula. Kwenye kampeni, wagawaji wanatumia kijiti chenye alama kupima urefu wa mtoto na kujua idadi ya vinini. Muuzaji wa sokoni anayegawa kimoja kimoja kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hapimi chochote. Tena dawa hii inaua minyoo iliyokomaa lakini haitoshi kwa ile michanga iliyoingia wiki iliyopita, na haimkingi mtu anayerudi mtoni kesho. Ndiyo maana inabidi irudiwe kwa mpango unaosimamiwa na wauguzi.

Kuna mahali ambapo kukosea jina la mnyoo ni hatari kwa uhai. Katika misitu ya Kongo kuna mnyoo anayeitwa Loa, ambaye wakati mwingine anaonekana akipita juu ya weupe wa jicho. Mtu mwenye Loa wengi sana katika damu akimeza ivamektini, dawa nzuri inayotolewa kwa ugonjwa wa upofu wa mtoni, anaweza kupoteza fahamu na hata kufa. Dawa ni ile ile. Kwa mmoja inaokoa macho, kwa mwingine inaangusha, na tofauti ni kipimo kilichofanywa au kutofanywa.

Wauzaji wana jibu lao: kituo cha afya kiko mbali, na kupima kunalipiwa. Hilo ni kweli, na anayelikana hajatembea barabara za Kabambare wakati wa mvua. Lakini umbali wa kituo ni sababu ya kudai kipimo kisogezwe. Haumpi mtu yeyote haki ya kumuuzia maskini kinini kisichohusu ugonjwa wake.

Waliohama hawakuleta konokono

Familia zilizokimbia risasi kutoka pande za Salamabila na vijiji vya kuelekea Fizi zimefika na godoro moja, sufuria na watoto. Kusema kwamba zimekuja na minyoo ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Mnyoo wa bilariziozi hawezi kuenea mahali pasipo na konokono wake, na konokono wa vijito vya hapa hawakuhama na mtu. Walikuwapo, na ugonjwa uliandikwa Maniema kabla wengi wa watoto hawa na hata wazazi wao hawajazaliwa.

Ni kweli kwamba mgonjwa yeyote, mkaaji au mgeni, akijisaidia mtoni anaongeza mayai majini. Ni kweli pia kwamba familia nne zikikaa katika uwanja mmoja wenye choo kimoja kilichojaa, mto unageuka choo. Lakini linalotoka katika ukweli huo ni kazi mbili: kuchimba vyoo, na kuwatibu wote kwa pamoja. Kumfukuza mgeni kwenye chemchemi kunamsukuma mtoni, na mtoni ndipo mnyoo anapomngoja. Mayai atakayoyaacha huko yatarudi kwa mwenyeji aliyemfukuza, kwa sababu mto ni mmoja.

Kuna dhuluma nyingine isiyosemwa. Mara nyingi dawa za minyoo zinagawiwa shuleni. Mtoto wa aliyehama ambaye hajaandikishwa shule hayumo katika hesabu. Hayumo mama yake anayeloweka mihogo, wala baba yake anayechimba dhahabu ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 unaopendekeza kwamba mahali ugonjwa umeenea, dawa itolewe kwa watu wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 251 duniani walihitaji dawa ya kinga ya bilariziozi, sehemu kubwa kabisa wakiwa Afrika. Watoto wasio na shule wamo ndani ya hesabu hiyo, na dawa inapaswa kuwafuata mahali walipo.

Kinachodaiwa

Kasongo ina jina katika shule za afya za dunia. Tangu miaka ya 1970 madaktari Wakongo na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga hapa mfano wa vituo vya afya vilivyo karibu na wananchi, na mwaka 1981 kazi yao juu ya chanjo ya surua ilichapwa katika jarida la Lancet. Mji ulioufundisha ulimwengu namna ya kupanga kituo cha afya hauwezi kuridhika kwamba mnyoo anatambuliwa na muuza kinini.

Kwa hiyo madai ni haya. Wanaosimamia zoni za afya za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila wahakikishe kila eneo la afya lina mahali karibu pa kupima choo kwa mikroskopi, hata kama ni timu inayotembea siku ya soko. Mashirika yanayogawa maturubai na mabido yahesabu pia vyoo na sehemu za kufulia zilizo mbali na maji yaliyotulia. Bido jipya halimkingi mtu anayesimama kijitoni kulijaza. Wanaopanga kampeni ya prazikwanteli wawafuate watoto wasiosoma, wanawake wa mihogo na wachimbaji. Wakuu wa kartye wapige marufuku kumwaga sumu kwenye chemchemi, na maimamu na mapadri walitangaze hilo Ijumaa na Jumapili, kwa sababu huko ndiko watu wanakosikiliza. Wareko wafundishwe kumtofautisha mdudu mwekundu na konokono wa hatari, ili mama akija na chupa yake apate jibu badala ya kuchekwa.

Na wakaaji wenyewe wana sehemu yao. Maji ya mtoni yaliyochotwa bila konokono na kuwekwa siku mbili ndani ya chombo kilichofunikwa hayana tena vimelea hai vya bilariziozi, na yanafaa kwa kuoga na kufua. Ya kunywa yachemshwe. Mwenye tumbo lisiloisha aende kupimwa kabla ya kununua. Akiambiwa hakuna kitu na tumbo likaendelea, arudi apimwe tena, maana kipimo kimoja kinaweza kukosa mayai machache.

Anayesema haya ni ndoto akumbuke mnyoo wa Gini, yule aliyekuwa anatokea mguuni mwa mtu kama kamba nyeupe. Katikati ya miaka ya 1980 ulikadiriwa kuwapata watu milioni 3.5 kwa mwaka. Mwaka 2023 dunia nzima ilihesabu wagonjwa 14. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kongo haina tena maambukizi yake. Hakukuwa na chanjo wala kinini cha kuuua. Watu walijua unaingia kwa maji gani na unatoka wapi, wakachuja maji kwa kitambaa na kuwazuia wagonjwa wasiingize miguu kwenye visima. Walimjua mnyoo wao kwanza.

Kiangazi kinaanza mwezi wa sita. Vijito vitapungua, maji yatatulia kwenye mashimo, na watu wengi zaidi, wakaaji na waliohama, watafuata madimbwi yale yale ambako konokono wamekusanyika. Mikroskopi na prazikwanteli zinapaswa kuwa zimefika Kasongo na Kabambare kabla ya hapo.